Mtoto wa Miaka Miwili Anahesabiwa na Nani?

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Manyatta, Kisumu. Mama mmoja anashuka kwenye bodaboda, mtoto mgongoni kwa leso, mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko mna chupa ya uji wa wimbi na nepi mbili za kitambaa. Anabisha mlango wa mabati, anamkabidhi mtoto ambaye bado ana usingizi, anaacha shilingi hamsini, na bodaboda ileile inamkimbiza soko la Kibuye kabla bei ya jumla ya nyanya haijapanda. Nimeishi mkabala na mlango huo kwa miaka miwili. Ikifika saa mbili huwa watoto ni kumi na wawili, siku za soko kumi na watano, na mlezi ni yuleyule mmoja. Ni mama wa makamo, mpole, hachapi mtu. Lakini shilingi hamsini hamsini hazimlipii kodi ya nyumba, kwa hiyo hufua nguo za watu na kupika chapati za kuuza jioni. Watoto hukaa kwenye mkeka wakitazama mlango.

Juzijuzi nilihudhuria uzinduzi wa darasa la chekechea katika kaunti moja ya huku magharibi. Sitaitaja, maana hata ungekwenda ya jirani ungekuta sherehe ileile: hema, viti vya plastiki, akina mama wakiimba, na kibao cha marumaru kilichofunikwa kitambaa kikisubiri kufunuliwa na mheshimiwa. Darasa lenyewe ni zuri, sina ubishi nalo. Kuta za mawe, vigae, madirisha mapana. Zilitolewa hotuba nne na zote nne zilisema miaka ya mwanzo ya mtoto ndiyo msingi. Hakuna hata moja iliyouliza mtoto atakayeingia humo Januari akiwa na miaka minne alikuwa wapi miaka minne iliyotangulia. Tulipokuwa tukinywa soda, mwalimu wa darasa hilo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yuko kwa mkataba, na mshahara wake ulikuwa umechelewa tangu muhula uliopita.

Dunia imetumia karibu miaka sitini, na fedha nyingi, kutafuta ni nini hasa kinachomfanya mtoto mdogo akue akili na mwili. Ukiyasoma majibu kwa makini, mengi yanauelekea ule mkeka wa Manyatta kuliko kibao cha marumaru.

Chukua kisa cha Kingston, Jamaika, ambacho mimi hukirudia kila nikipata nafasi. Mwaka 1986 na 1987 watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24, kutoka mitaa ya watu wa hali ya chini. Wakawagawa makundi manne. Kundi moja lilipelekewa lishe ya maziwa kila wiki. Jingine lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaani, saa moja kwa wiki, akaketi chini pamoja na mama na mtoto wakacheza na kuzungumza. La tatu lilipata yote mawili. La nne halikuongezewa chochote. Wahudumu hao hawakuwa wasomi wakubwa. Vitu vya kuchezea vilikuwa chupa tupu, vifuniko, vipande vya katoni na vitabu vya picha vilivyotengenezwa kwa mkono. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili, kisha wakaondoka.

Watoto wale walifuatiliwa hadi ukubwani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliotembelewa na kuchezeshwa, sasa wakiwa na miaka ishirini na ushei, walikuwa wakipata mapato yaliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 25. Walikuwa wamewafikia hata majirani zao ambao hawakuwahi kudumaa. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya namna hiyo. Msinielewe vibaya, mtoto mwenye njaa apewe maziwa leo na si kesho. Ninachosema ni kwamba saa moja ya mazungumzo na kifuniko cha chupa ilifanya kazi ambayo pakiti ya maziwa haikuweza kuifanya.

Wakubwa wetu wanapenda zaidi kutaja mfano wa Marekani, ule wa shule ya Perry huko Ypsilanti, Michigan, ulioanza mwaka 1962. Ulihusu watoto 123 tu, na umezaa vitabu na makongamano yasiyo na idadi. James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2000, aliupigia hesabu na kuonyesha kwamba fedha zilizotumika zilirudi na faida. Wanaoutaja kwenye majukwaa husema: mnaona, jengeni chekechea. Wanaliruka jambo moja. Walimu wa Perry walifundisha asubuhi, kisha kila wiki walikwenda nyumbani kwa mtoto na kukaa na mama yake. Sehemu ya kazi ilifanyika nje ya darasa, mahali ambapo hapana ukuta wa kubandika jina la mtu.

Kwingine, walikotanguliza nafasi na kusahau mtu, mambo yalikwenda mrama. Mwaka 1997 jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza kuwapa wazazi nafasi za kulelea watoto kwa dola 5 kwa siku. Akina mama wengi waliingia kazini, na hilo lilikuwa jema. Lakini wanauchumi watatu, Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan, walipowachunguza watoto waligundua wasiwasi na ukali vimeongezeka. Huko Tennessee, Marekani, watoto waliopata nafasi ya chekechea ya serikali kwa bahati nasibu walifuatiliwa hadi darasa la sita, na matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha walikuwa nyuma ya wale waliokosa nafasi. Wanaopinga uwekezaji kwa watoto wadogo huzitumia habari hizi kama rungu. Mimi nazisoma tofauti. Mtoto hakui kwa kuwa ameandikishwa mahali. Anakua kwa anachotendewa pale mahali, na hilo halionekani kwenye orodha ya mahudhurio.

Sasa turudi nyumbani, maana kinachoniudhi ni kwamba ushahidi mwingine mzuri kabisa umetoka kwenye vijiji vyetu wenyewe na sisi hatuna habari.

Busia, mwaka 1998, watoto wa shule za msingi walianza kupewa dawa za minyoo katika mradi ambao baadaye ulivuma duniani. Mmoja wa waliouchunguza, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa washindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Hilo wengi wamelisikia. Wasilolisikia ni la watoto wachanga. Mtafiti Owen Ozier alirudi miaka kama kumi baadaye kuwatafuta wale ambao hawakuwa wametimiza mwaka mmoja wakati shule za kijijini kwao zilipoanza kupewa dawa. Hao hawakumeza kidonge hata kimoja. Kaka na dada zao ndio waliomeza, minyoo ikapungua kwenye udongo wa boma, na yule wa kutambaa akatambaa mahali pasafi zaidi. Walipopimwa akili, waliwazidi wenzao kwa kiasi ambacho kingelingana na nusu mwaka wa masomo au zaidi. Ukitaka kujua kwamba mtoto wa miezi minane yuko shuleni tayari, ingawa shule yake ni ule ua wenye vumbi, kaulize Busia.

Kisha kuna Msingi Bora. Huu ulifanyika katika vijiji 60 vya magharibi mwa Kenya, ukiendeshwa na shirika la Safe Water and AIDS Project lenye makao yake hapa Kisumu. Wahudumu wa afya wa kijijini waliwakusanya akina mama wenye watoto wadogo kila baada ya wiki mbili, na mara nyingine akina baba pia, wakafundishana kucheza na mtoto, kumjibu anapobwabwaja, kumtajia vitu. Katika vijiji vingine mikutano ilichanganywa na ziara za nyumbani, ambazo ndizo wataalamu wa dunia waliziamini tangu enzi za Jamaika. Matokeo ya mwaka 2021 yaliwashangaza: vikundi peke yake vilifanya vizuri zaidi, tena kwa gharama ndogo. Watoto waliimarika katika kufikiri na kuelewa lugha. Kwangu mimi hapakuwa na la kushangaza. Mgeni akikutembelea nyumbani na daftari, unapangusa kiti na kumwambia anachotaka kusikia. Ukikaa chini ya mwembe na akina mama wenzako mnaofahamiana kwenye chama, mmoja atasema wazi kwamba yeye hana muda wa kucheza na mtoto, wa pili atamcheka, na wa tatu ataeleza anavyofanya akiwa anachambua mboga. Wataalamu walikuwa wamesafiri na dawa ya Kingston wakasahau kwamba huku tuna vyama.

Na kama mtu atasema akina mama wa vijijini hawakusoma vya kutosha, kuna utafiti mwingine wa Kaunti ya Kisumu, matokeo yake yakatoka mwaka 2020. Walezi walipewa vitabu vya picha vyenye hadithi za Kijaluo na wakaonyeshwa namna ya kuvitumia: usisome, uliza. Huyu anafanya nini? Yule mbuzi anakwenda wapi? Watoto waliongeza msamiati, na wale ambao walezi wao hawakujua kusoma walinufaika kama wengine. Picha haikuuliza cheti.

Siaya nako, shirika la PATH lilishirikiana na kaunti kuweka masanduku ya vitu vya kuchezea kwenye foleni za kliniki. Mama anasubiri chanjo saa mbili au tatu hata hivyo. Badala ya kukodolea ukuta, anakaa na mtoto kwenye mkeka na mhudumu anaonyesha mchezo mmoja, mwingine wiki ijayo. Wazo hili halina ugumu wowote, na ndiyo maana nalipenda.

Tukiwa waaminifu, mengi ya haya bibi zetu waliyajua. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo watoto walilala na kufundishwa kwa hadithi na vitendawili hadi usingizi uwachukue. Wazungumzaji wa Kiluhya nao wana kukhu wao na hadithi za jioni karibu na meko. Sitaki kutia chumvi. Siwindhe hakukuwa na chanjo, na watoto wengi walizikwa kabla ya kujua kutegua kitendawili. Tena, dani, yaani bibi, wa leo kule Alego ana wajukuu wanne walioachwa na wazazi walio Nairobi, magoti yanamuuma, na usiku anawaza karo. Wanaosema "turudi kwa wazee" wakampunguzie kwanza mzigo huyo mzee. Lakini ile kanuni ya siwindhe, kwamba kumzungumzisha mtoto ni kazi ya mtu fulani anayetambuliwa na kuheshimiwa kwa kazi hiyo, tumeipoteza na hatujaweka kitu mahali pake.

Hapo ndipo methali yetu pendwa inaponikera. Samaki mkunje angali mbichi. Kila hotuba ya chekechea lazima imtaje huyo samaki. Nenda ufuoni hapa Kisumu ukawatazame wakaangaji: sato, tunayemwita ngege, anapasuliwa, anatiwa chumvi, anakunjwa kabla ya kutumbukizwa kwenye mafuta, na anayemkunja ni mtu mzoefu mwenye mikono miwili isiyo na kazi nyingine kwa dakika hiyo. Methali inamtaja samaki na kumsahau mkunjaji. Sera zetu zimeurithi usahaulifu huo.

Angalia Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani, na vituo vya kulelea watoto. Viko kwenye sentensi moja, na kulelea watoto kumewekwa mwishoni. Kaunti zetu nyingi zimeisoma sentensi hiyo zikaishia kwenye neno la kwanza. Lengo la dunia namba 4.2, lile linalotakiwa kutimia 2030, nalo linataja mambo matatu: makuzi ya mtoto, matunzo, na elimu ya awali. Tukachagua lile lenye paa. Mwezi Mei 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walizindua mwongozo wao wa malezi wenye nguzo tano: afya, lishe, usalama, fursa za kujifunza, na mlezi anayemwitikia mtoto. Nne za kwanza unaweza kuzinunulia vifaa. Ya tano haina tenda.

Majirani zetu wa Tanzania angalau wamelipatia jambo hili jina linaloeleweka. Mpango wao wa taifa wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 unaitwa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na malezi ndilo neno la kwanza. Sisi tuna ECDE, kifupi cha Kiingereza cha makuzi na elimu ya awali ya mtoto, herufi nne ambazo mzazi wa Nyalenda akizisikia anafikiria jengo.

Nisiwaonee magavana. Darasa ni rahisi kulitetea: lilikuwa halipo, sasa lipo, njoo ulione. Mhudumu aliyefundishwa kuwakusanya akina mama hapigiki picha. Na nchi hii ikiamua, inaweza. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 26 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 18. Huko ni kupanda mlima. Kilichosaidia ni kwamba kulikuwa na kitu cha kupima, ubao wa urefu, na mtu wa kuuliza kwa nini namba haishuki. Maneno aliyosikia mtoto wa Obunga kutwa nzima jana hayana ubao. Hakuna afisa atakayeitwa kujieleza kwamba yalikuwa kumi.

Nimefungua kijitabu cha kliniki cha mwanangu kuandika makala haya. Kurasa za chanjo zimejaa mihuri na tarehe. Mbele kidogo kuna sehemu ya kufuatilia makuzi: ameanza lini kutabasamu, kukaa, kusema maneno mawili. Nyeupe pe. Hakuna muuguzi aliyewahi kuniuliza, na mimi mwenyewe, mwandishi wa makala, sikuwahi kuijaza. Chanjo ya surua huchomwa miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Huku kanda ya ziwa, tulipoanza kupewa chanjo ya malaria mwaka 2019, dozi ya nne iliwekwa miezi 24, na hiyo ndiyo wengi huikosa kwa sababu kufikia hapo mtoto anaonekana ameshapona utoto. Baadaye yuko kwenye kampeni ya Malezi Bora, Mei na Novemba, tone la vitamini A na dawa ya minyoo. Mpaka PP1, darasa la kwanza la chekechea. Kati ya sindano ya mwisho na sare ya kwanza kuna miaka miwili ambayo, kwenye daftari za serikali, mtoto huyu ni kama ameenda safari. Ndiyo miaka anayojifunza kusema.

Na si kwamba wazazi wamekaa bure. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi na baba wiki mbili. Muuza nyanya haimhusu. Yeye likizo yake huisha akiba inapoisha. Kumwambia acheze na mtoto saa moja kila siku, mtu anayeondoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku kuwasha jiko, ni kumwongezea hatia juu ya uchovu. Saa za mtoto kuwa macho anazo yule mama wa mlango wa mabati. Kampeni zote zinazomlenga mzazi na kumruka yeye zinabisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Nilimwona siku moja mwezi Machi. Mvua ilikuwa imekatiza kazi ya kuanika. Kuna kijitoto cha kike, miaka miwili au pungufu, kilikuwa kinatia vifuniko vya soda ndani ya sufuria, ting', ting'. Mlezi alikuwa ameinamia beseni. Bila kuinua kichwa akauliza, "Vingapi hapo, mama?" Kimya. Halafu: "Mbii." "Ongeza kingine." Ting'. "Sasa?" "Mbii." "Ai, mama! Mbili tena? Hebu lete tuhesabu." Kikaja mbio na sufuria, wakahesabu na povu likawaingia vifunikoni. Mtoto mwingine akasogea. Dakika nne hivi, kisha mvua ikaacha na nguo zikarudi kambani. Kingston walilipa watu kufanya hicho saa moja kwa wiki. Huyu anakijua bila kufundishwa. Anachokosa ni mkono wa pili wa kufua.

Hapa ndipo natofautiana na wenzangu wanaodai vituo hivi vidhibitiwe haraka. Najua hatari zake: mlango mmoja, jiko la mkaa, watoto kumi na watano. Lakini najua pia udhibiti wetu unavyokuja. Unakuja na kanjo, yaani askari wa kaunti, fomu, ada ya leseni, na kufuli. Shilingi hamsini itakuwa mia na ishirini, na mama wa nyanya atamwachia mtoto dada yake wa miaka saba, ambaye naye atakosa shule. Ningeanza upande wa pili: sanduku la vitu vya kuchezea, mafunzo ya mara mbili kwa mwezi pamoja na walezi wenzake wa mtaa, posho ndogo ya kuajiri msaidizi. Akishaona faida, leseni atakuja kuiomba mwenyewe. Azimio la Tashkent la Novemba 2022, ambalo nchi nyingi ziliridhia, linataka angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu iende kwenye elimu ya awali. Sina hakika tunahitaji kufika huko kuanza na kifuniko cha soda.

Kuna kikwazo kingine, na hiki kiko kwetu sisi wenye vijisenti. Tunapeleka mtoto wa miaka mitatu kwenye mahojiano ya kuingia chekechea ya maana, Milimani au kule Nakuru, na tunamlipia mtu wa kumfundisha kuandika moja hadi hamsini. Mwalimu akimwacha acheze tunauliza karo yetu inafanya nini. Ghana walilipata hili kwa uchungu. Walimu wa chekechea wa eneo la Accra walifundishwa mwaka 2015 kufundisha kwa mchezo na upole, watoto wakaimarika. Kundi jingine lilipata mafunzo hayohayo, likaongezewa mikutano ya kuwahamasisha wazazi. Huko faida ikayeyuka. Inaelekea wazazi walipoelewa kinachofanyika hawakukipenda. Walitaka daftari lenye maandishi. Kwa hiyo siwezi kusema dawa ni kuwaelimisha wazazi tu, hasa wazazi kama mimi.

Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii laki moja mikoba yenye vifaa na simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na kaunti na serikali kuu. Ni jeshi. Hakuna idara nyingine inayoweza kugonga kila mlango wa Vihiga au Manyatta. Ikiwa kuna njia ya kuufikia ule mkeka, ni hawa.

Wetu hupita Jumanne. Ni dada mchangamfu, aproni ya buluu, mkoba begani. Wiki iliyopita alikuja kwangu, akatuuliza kuhusu choo, maji, kikohozi, akabonyeza simu. Alipotoka nilimwona akisimama mbele ya mlango wa mabati, akachungulia, akawasalimia watoto, akambeba mmoja akamshusha. Kisha akaendelea na nyumba iliyofuata. Jioni nilimuuliza mbona hakuandika kitu pale.

"Pale ningeandika nini, kaka?" akasema. "Simu inadai kaya. Jina la mwenye nyumba, watu wangapi wamelala jana. Hawa hawalali pale. Nikienda kwao mchana nakuta kufuli, nikija hapa nakuta si kwao."

Nikamuuliza basi wale kumi na wawili wameandikwa wapi. Akafikiri kidogo, akauvuta mkoba begani, akaniambia giza linaingia na bado ana nyumba tatu.